Kanula Moja, Dawa Mbili Zisizopatana: Upige Flashi, Utafute Mshipa wa Pili, Upishanishe Saa au Ubadilishe?

Mgonjwa ana kanula moja tu, ule mrija mfupi wa plastiki unaoingia kwenye mshipa, mishipa mingine imeshagoma. Ringa lakteti, maji ya dripu yenye kalsiamu, inashuka. Faili linasema seftriaksoni, antibiotiki isiyopatana na kalsiamu hiyo, gramu 2, saa mbili usiku. Aliyewahi kushika zamu ya usiku hapa mkoani Kigoma, iwe mjini, Kasulu au kituo cha afya kando ya reli kule Nguruka, anajua kinachofuata ni ubishi. Mmoja anasema funga dripu, piga flashi (sukuma maji ya chumvi kusafisha mrija), choma dawa, endelea. Mwingine anataka mshipa wa pili utafutwe. Wa tatu anasema dawa isubiri chupa iishe. Wa nne anauliza kwa nini hiyo Ringa yenyewe isitolewe.

Wote wanne wana hoja. Tofauti yao inatokana na wagonjwa waliowazoea: aliyekomaa wodi ya wazazi hawazi kama aliyekomaa kwa watoto wachanga. Hapa nimezipima njia zote nne kwa maswali yaleyale ili uone ipi inafaa kitanda ulichosimama mbele yake.

Ugomvi tunaousema ni upi

Kuna dawa zinazogombana zikiwa tayari mwilini, moja ikipandisha au kushusha nguvu ya nyingine kupitia ini au figo. Hiyo ni mada nyingine. Hapa tunasema ugomvi wa kikemia unaotokea ndani ya sirinji, chupa au mrija, kabla dawa haijaingia kwenye damu.

Ugomvi unaoonekana ni afadhali. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu iliyomo kwenye Ringa, hutokea chumvi isiyoyeyuka, chembechembe nyeupe. Fenitoini, dawa ya degedege, hukaa imeyeyuka kwa sababu kimiminika chake kina alkali kali, pH karibu 12. Itie kwenye dekstrozi 5%, maji ya sukari yenye asidi, nayo itajitenga na kuwa fuwele. Furosemaidi, dawa ya kukojoza, ina tabia hiyohiyo ikikutana na vitu vya asidi. Diazepamu ya sindano ukiimimina kwenye maji ya dripu inaweza kugeuka ukungu, na hata isipogeuka, sehemu yake hunasa kwenye plastiki ya mrija.

Bibi mmoja wa Buhigwe, aliyekaa kando ya kitanda cha mjukuu wake, aliona kabla ya sisi sote: "Mwanangu, mbona huo mrija umekuwa kama maji ya mchele?" Muuguzi alifunga dripu palepale, hakusukuma kitu, akatoa seti nzima pamoja na kanula, akaanza upya mkono wa pili. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiona ukungu usipige flashi eti kuusafisha mrija, maana zile chembe utazipeleka moja kwa moja kwenye mapafu ya mtu.

Wa kuogopwa zaidi ni ugomvi usioonekana. Changanya antibiotiki mbili, jentamaisini na ampisilini, kwenye sirinji moja, itabaki maangavu kama ilivyokuwa. Kumbe ndani ampisilini inajifunga kwenye jentamaisini na kuipunguzia nguvu. Mtoto anapata dozi kamili kwenye karatasi na pungufu mwilini, kisha siku ya tatu tunasema vijidudu ni sugu. Kwa hiyo ule ushauri wa "angalia kama imebadilika rangi" ni mwanzo tu. Maji kubaki maangavu hakujathibitisha lolote.

Vipimo

Nimeuliza kila njia maswali matano. Inazitenganisha dawa kweli, au inatupa imani tu? Inachukua muda gani? Inahitaji vifaa gani, na vinapatikana? Mgonjwa anabeba mzigo gani, wa maji, maumivu au maambukizi? Na mwisho, inavumilia zamu yenye muuguzi mmoja na vitanda vingi? Swali hili la tano vitabu huliruka, na ndilo linaloamua mambo saa tisa usiku.

1. Kupiga flashi katikati

Unafunga dripu, unasukuma sodiamu kloridi 0.9% (NS), kwa mtu mzima ml 5 hadi 10, unatoa dawa, unasukuma NS tena, ndipo unafungulia dripu.

Inatenganisha vizuri kama utajua unasafisha nini. Mrija wa kawaida wa dripu, kutoka chemba ya matone hadi mkononi, hubeba mililita nyingi, nyingine kufikia 15 au 20. Ukichoma kwenye kimpira cha juu karibu na chemba, flashi ya ml 10 haijafika hata kwenye kanula. Umeisogeza Ringa kidogo tu, halafu unailetea seftriaksoni nyuma yake. Ukichoma kwenye kanula yenyewe, ambayo nafasi yake ya ndani haifiki hata ml 1, ml 10 zinaisafisha na kubaki. Flashi ileile, sirinji ileile, matokeo mawili tofauti kwa sababu ya sentimita chache. Nikipewa nafasi ya kusema jambo moja kwa wanafunzi wa uuguzi, nawaambia hilo.

Kasi nayo ni ya kuangalia. Flashi ya pili ndiyo inayoingiza mabaki ya dawa yaliyobaki kwenye mrija, kwa hiyo iende kwa mwendo wa dawa. Fenitoini kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi mg 50 kwa dakika. Ukiisukuma taratibu kisha ukapiga flashi kwa nguvu, umeharibu kazi yote, na presha inaweza kushuka.

Flashi ni ya NS. Maji ya kuchanganyia dawa yako karibu na mkono kila mara, lakini si maji ya kusafishia mishipa. Kuna dawa inayokwenda kinyume na wenzake: amfoterisini B, wanayopewa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, yenyewe huganda kwenye NS. Hiyo husafishwa kwa dekstrozi 5%, kabla na baada.

Muda ni dakika chache. Vifaa ni vya kawaida, ila palipo na uhaba utakuta chupa moja ya NS imetobolewa jioni na kuchotwa usiku kucha kwa ajili ya wodi nzima. Hapo umekwepa chembe ukaingiza vijidudu.

Mzigo kwa mtu mzima ni mdogo, kwa kichanga sivyo. Mtoto wa kilo 2.5 siku yake ya kwanza anahitaji takribani ml 60 kwa kila kilo, yaani ml 150 kwa siku nzima. Mpigie flashi sita za ml 5, umempa ml 30, moja ya tano ya maji yake yote, na yote ni ya chumvi. Kwake ml 0.5 hadi 1 inatosha, kwenye kanula yenyewe.

Flashi inamfaa mtu mzima na mtoto aliyevuka siku 28, kwa dawa inayoingia kwa dakika chache na kuisha. Haifai pale dawa zote mbili zinapotakiwa kushuka mfululizo.

2. Kanula ya pili

Hapa dawa hazionani mpaka zifike kwenye damu, na damu inazizimua haraka. Kwa utenganisho ndiyo njia imara kuliko zote, isipokuwa jambo moja la watoto wachanga nitakalolieleza chini.

Nguvu yake inaonekana kwenye damu ya kuongezewa. Kigoma ni mkoa wa malaria, na mtoto mwenye malaria kali na upungufu mkubwa wa damu si mgeni kwetu. Anahitaji damu, anahitaji artesunati ya kuua malaria, na pengine sukari imeshuka anahitaji dekstrozi. Damu haivumilii mwenza kwenye mrija zaidi ya NS. Ringa ina kalsiamu, nayo inashinda ile sitreti inayozuia damu kuganda kwenye mfuko. Dekstrozi 5% inaharibu chembe nyekundu. Dawa haichomwi kwenye mfuko wala kwenye mrija wa damu. Na mfuko ukishatolewa kwenye baridi na kuanza, uishe ndani ya saa 4. Huwezi kuwa unaisimamisha kila mara kwa ajili ya flashi.

Muda hutegemea mishipa. Kwa mtu mwenye afya ya mishipa ni dakika tano. Kwa mtoto aliyekaukiwa maji inaweza kuwa nusu saa ya kilio, yake na ya mama yake. Kanula za njano za watoto ndizo huisha mapema stoo. Mgonjwa anabeba maumivu, na kila tundu ni njia mpya ya vijidudu na ya mshipa kuvimba.

Kiunganishi cha Y au cha njia tatu hakiongezi kanula. Kinapendeza, kinaonekana kama barabara mbili, lakini kutoka kwenye kiungo hadi ndani ya mshipa dawa zinapita pamoja. Nimeona watu makini kabisa wakikitegemea.

Kwa muuguzi aliye peke yake, kanula ya pili ni kazi kubwa mwanzoni na nafuu baadaye, mradi kila mrija una plasta iliyoandikwa kwa kalamu: hii damu, hii dawa. Bila plasta, wa zamu inayofuata atakisia.

3. Kupishanisha saa

Njia hii haihitaji kifaa chochote isipokuwa saa na kalamu, na kuna dawa zinazoibeba vizuri. Seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake hutoka kwa takribani saa 8 kwa mtu mzima, ndiyo maana hutolewa mara moja kwa siku. Jentamaisini nayo kwa wagonjwa wengi ni mara moja. Hakuna sababu ya kuziweka zote saa mbili usiku pamoja na kila kitu kingine eti kwa kuwa ndiyo saa ya mzunguko wa dawa. Sogeza moja mapema, wodi inapumua.

Zipo zisizosogezwa ovyo. Artesunati ya sindano kwa malaria kali ina saa zake: ya kwanza, baada ya saa 12, baada ya saa 24. Poda yake huyeyushwa kwanza kwa sodiamu baikaboneti yake 5%, kisha ikazimuliwa kwa NS au dekstrozi 5%, na itumike ndani ya saa moja. Hiyo ndiyo wengine wapangwe kuizunguka.

Udhaifu wake ni kwamba saa haisafishi mrija. Seftriaksoni iliyobaki kwenye mrija saa mbili usiku itakuwepo saa nne kama hakuna kilichoisukuma, na Ringa ikifunguliwa watakutana palepale. Kupishanisha kwenye kanula moja bila flashi ni nusu ya kazi. Udhaifu mwingine ni makabidhiano: ratiba iliyo kichwani mwa muuguzi wa jioni inaondoka naye kwenye bodaboda.

Faida moja iliyonayo njia hii ni kwamba mgonjwa anakwenda nayo nyumbani. Antibiotiki za kumeza kama siprofloksasini na doksisaiklini hushikana tumboni na madini ya vidonge vya kiungulia na vya kuongeza damu, zisifyonzwe vizuri. Dolutegraviri ya wanaotumia ARV nayo hivyo: vidonge vya kiungulia vyenye aluminiamu au magnesiamu vikae mbali, dolutegraviri imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Hapo hakuna flashi wala kanula itakayosaidia, ni saa tu.

4. Kubadilisha mmoja wa wagombanao

Watu huifikiria mwisho, na mara nyingi ndiyo rahisi. Unaweza kubadili maji, njia ya kutolea dawa, au dawa yenyewe.

Kubadili maji kunamaliza ugomvi mwingi bila jasho. Seftriaksoni inakubali NS na dekstrozi 5%. Kama mgonjwa yuko kwenye Ringa kwa mazoea tu, iliwekwa kwenye chumba cha upasuaji ikaendelea, muulize daktari kama NS inatosha. Ila kuna wanaoihitaji Ringa hasa. Kipindupindu kilipozuka Kagunga mwaka 2015, ufukweni mwa Tanganyika, wakati wakimbizi wa Burundi wamefurika pale, maji ya aina hiyo ndiyo yaliyohitajika: kwa aliyekaukiwa vibaya, wa mwaka mmoja kwenda juu, ni ml 100 kwa kilo ndani ya saa 3, na ml 30 za kwanza kwa kilo ndani ya nusu saa. Mgonjwa wa namna hiyo dripu yake haisimamishwi. Bahati nzuri dawa yake, doksisaiklini, humezwa, kwa hiyo mrija hauna mgeni.

Kubadili njia: magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba ina mpango wa kuchomwa kwenye makalio baada ya dozi ya kwanza ya mshipa. Artesunati huchomwa kwenye msuli. Diazepamu kwa mtoto mwenye degedege hupitia njia ya haja kubwa. Seftriaksoni huchomwa kwenye msuli ikiyeyushwa kwa lignokeini, dawa ya ganzi, na hiyo iliyoyeyushwa kwa lignokeini isiguse mshipa kamwe. Fenitoini usiijaribu kwenye msuli.

Kubadili dawa yenyewe ndiko kunakohusu watoto wachanga. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya taarifa za vifo vya watoto wachanga ambao mapafu na figo zao zilikutwa na chembe za seftriaksoni na kalsiamu, na baadhi yao walikuwa wamepewa dawa hizo kwa mirija tofauti na saa tofauti. Mwaka 2009 ilieleza zaidi: waliovuka siku 28 wanaweza kupewa moja baada ya nyingine, mrija ukisafishwa katikati, wa siku 28 kushuka wanaohitaji kalsiamu ya mshipani wasipewe seftriaksoni kabisa. Kwa hiyo kwa kichanga, flashi, kanula ya pili na saa vyote havitoshi. Ampisilini na jentamaisini, kila moja kwenye sirinji yake, au sefotaksimu ikiwepo. Mwenye manjano ana sababu ya ziada, kwa kuwa seftriaksoni huibandua bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, kwenye protini za damu.

Kubadilisha hakumgharimu mgonjwa maji wala tundu jipya, labda maumivu ya msuli. Kunagharimu kibali cha aliyeandika dawa, na stoo yenye chaguo. Kama kilichofika ni seftriaksoni peke yake, sentensi ya "badilisha dawa" inabaki maneno.

Kwa hali uliyonayo

Mama aliyetoka upasuaji, yuko kwenye Ringa, anahitaji seftriaksoni mara moja kwa siku: uliza kwanza kama maji yanaweza kuwa NS. Kama hapana, flashi mbili kwenye kanula yenyewe zinatosha. Kumchoma kanula ya pili kwa ajili ya hilo tu sioni sababu.

Mtoto anayeongezewa damu na ana dawa nyingine: kanula ya pili mapema, kabla mfuko haujafunguliwa. Mshipa ukikataa kabisa, artesunati iende kwenye msuli, damu ibaki na mrija wake.

Kichanga wa siku 28 kushuka: badilisha dawa. Flashi ndogo, hesabu mililita zake kwenye maji ya siku.

Mtu mzima mwenye degedege anayehitaji fenitoini na yuko kwenye dekstrozi kwa kuwa sukari ilishuka: kama mshipa upo, kanula ya pili ndiyo salama, maana dekstrozi haifai kusimama muda mrefu. Kama haupo, sukari irekebishwe kwanza, flashi ya NS, fenitoini ndani ya NS kwa mwendo wake, flashi tena polepole.

Mwenye moyo kushindwa kazi au figo zilizochoka: kila ml 10 inahesabika, kwa hiyo anza na kubadilisha njia, kisha saa. Flashi ziwe fupi, kwenye kanula.

Zamu yenye muuguzi mmoja: kupishanisha saa kunapunguza msongamano wa saa mbili usiku, lakini ratiba ikae kwenye chati ya kitanda, na mstari wa flashi uandikwe kama dawa nyingine inavyoandikwa, uwekewe sahihi. Famasi ikiwa imefungwa na hujui kama dawa mbili zinapatana, zichukulie kuwa hazipatani mpaka asubuhi. Kijikaratasi kilichomo kwenye boksi kisitupwe na boksi.

Mgonjwa wa rufaa anayetoka Kalya kwa boti, au Kakonko kwa gari la wagonjwa: toa dozi zinazotakiwa kabla ya kuondoka, safisha mrija, msafirishe akiwa na aina moja tu ya maji. Kwenye barua ya rufaa andika dawa, saa, na maji yaliyo kwenye mrija wakati huo, ili atakayempokea asianze kwa kuunganisha chupa nyingine juu yake.